Vitumbua vya Esha na Maji ya Tangi

Wifi yangu Esha ana shahada ya mambo ya vijidudu, lakini ofisini kwao walimkabidhi brashi ya kuoshea chupa. Ni mtaalamu wa maji katika maabara ya serikali hapa Rumonge. Wenzake wakienda Magara au Muhuta kuchota maji ya ziwa ya kupima, yeye huachwa nyuma. Kosa lake ni babu yake, aliyekuja kutoka Uvira, upande wa Kongo, enzi za Wabelgiji. Esha kazaliwa hapa, mama yake kazaliwa hapa, bado wanamwita Mukongomani. Wakitaka kumchoma zaidi humwita Muswahili, na midomoni mwao neno hilo lina maana ya mwongo na mlozi. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Ziwa lilipopanda na kuingia mitaani, Esha alipima tangi la ofisi akakuta kipindupindu. Alimwambia mkuu wao, Shefu Venanti, naye akacheka. Esha akafunga bomba kwa kamba ili watu wasinywe. Kamba ikafunguliwa siku ileile. Maji ya chai yalichemshwa, ndiyo maana hakuna aliyeugua.

Idi ikafika. Esha, na moyo wake usiokoma, akapeleka vitumbua kazini. Kwetu anayetoa ndiye huonja kwanza, mwenzake ajue hakuna sumu. Akauma kimoja mbele yao, akameza. Hata hivyo hakuna aliyenyoosha mkono isipokuwa Jean Bosco, mlinzi wa langoni. Esha alipotoka nje alimkuta ameshakula vitatu na kuteremshia kikombe cha maji ya tangi.

Kesho yake jioni Jean Bosco alibebwa hospitali, hajiwezi. Asubuhi iliyofuata ofisi nzima ilikuwa imeshatoa hukumu: Esha kamloga kwa vitumbua. Huku kwetu mtu akishaitwa mlozi, majirani hawangoji mahakama. Alimfikiria mwanawe mchanga, Nour, akafikiria na paa la nyumba yake likiwaka moto.

"Ulimupa nini?" akauliza Venanti.

"Vitumbua, shefu. Na mimi nilikula, muliniona. Ni maji ya tangi. Iko na kolera, nilishasema."

"Bakongomani munajua kusema." Venanti akaenda bombani, akarudi na glasi imejaa, akaiweka mbele ya Esha. "Kunywa. Ukiugua, tutakuamini."

"Siwezi, shefu. Ninanyonyesha."

Watu wakaguna.

"Anaogopa." Venanti akainua glasi. "Anayetoa anaonja kwanza, si ndiyo? Basi nitaonja mimi, muone uongo wa Muswahili."

Mimi ningenyamaza. Nasema wazi, na Mungu ananisikia. Glasi moja tu, na tumbo la shefu lingemtetea Esha kuliko wakili yeyote. Esha naye aliliona hilo, aliniambia, glasi ikiwa imeshafika mdomoni. Akaruka, akaipiga kofi, ikapasuka sakafuni.

"Mumeona!" karani mmoja akapiga kelele. "Anaficha sumu yake!"

Esha alitoka mbio, mkoba akauacha. Mume wake, kaka yangu Feruzi, yuko Kabonga kwenye uvuvi, kwa hiyo yeye na mtoto wako kwangu. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, Esha hudhani wamemfuata, humkumbatia Nour na kujibana nyuma ya mlango. Mimi mwenyewe naogopa, japo najifanya simba. Jean Bosco amepona, na daktari kasema kipindupindu, lakini neno likishatoka mtaani halirudi.

Jana alipita Bienfait, dereva wa ofisi yao, kwa siri, hata kofia hakuivua.

"Mama Nour, tangi imeoshwa na dawa. Shefu mwenyewe alisimama pale mupaka ikaisha."

"Kumbe aliniamini," akasema Esha. "Basi wananiita lini?"

Bienfait akatazama viatu vyake. "Kazi yako wamepatia mwenyeji."

Alipoondoka nilishindwa kujizuia. "Wifi, ungemwacha anywe, leo ungekuwa ofisini kwako!"

Akanitazama, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Ningemwacha," akasema, "ningekuwa nimempa sumu kweli."

Nje pikipiki ikapunguza mwendo. Esha akamnyakua Nour, akaenda nyuma ya mlango, na safari hii nikamfuata.