Benchi la Mwenye Chombo

Pale Gongoni, kwenye baraza la duka la Moiz, kuna benchi la mninga ambalo halikaliwi na mtu asiye na shughuli. Ukikaa bila sababu Moiz hatakufukuza, maana hana mdomo huo, lakini atakuuliza kwa upole umeleta chombo gani. Ukisema hujaleta, ataendelea kukutazama mpaka uone haya uinuke. Meza yangu ya vitenge iko pembeni tu ya benchi hilo, miguu inaniuma kila jioni, na bado nakalia ndoo.

Benchi lilikuwa la baba yake, marehemu Kurban, fundi saa na redio. Enzi hizo mji ulikuwa na mafundi wa kupokea redio nzima na kurudisha ganda. Unaacha redio inaongea, unarudishiwa inakoroma, na vipuri vyake vimeshahamia kwa mteja mwingine. Kurban akaweka sheria: chombo hakifunguliwi mpaka mwenyewe awe amekaa kwenye benchi anatazama. Ukisema una haraka, anakurudishia redio yako bila kuigusa. Watu walikuja kutoka Sikonge, Kwihara, Isikizya, wakakaa wakitafuna karanga zao, wakatazama matumbo ya redio bila kuelewa kitu, wakarudi makwao mioyo imetulia.

Moiz alirithi benchi, sheria, na shingo ya baba yake iliyopinda kwa kuinamia vyombo. Redio zilipokwisha akahamia kwenye kompyuta. Alisomea Dar, na wenzake walipobaki huko kutafuta mishahara, yeye akarudi. Mkewe, Tanzila, alisema mbele yetu sote kwamba ameolewa nyumba moja na benchi, na yeye ndiye mke mdogo. Moiz alicheka chini chini, kama kawaida yake, akaendelea kupangusa vumbi.

Wateja wake wakubwa walikuwa wafugaji nyuki. Chama chao kina ofisi Isikizya, na katika ofisi hiyo kuna mashine moja isiyozimwa, wanaiita seva, inayotunza habari zote za asali: nani kaleta ndoo ngapi, ya msitu upi, safi au ya kuchujwa tena. Katibu wao ni Katarina, mama wa Kimoraviani, mnene, mwenye sauti ya kwaya, ambaye sisi tunamwita Mama Shukrani kwa jina la binti yake. Kabla ya Moiz walikuwa na fundi mwingine, kijana hodari wa maneno, aliyekuwa akiingia kwenye mashine yao wakati wowote anaotaka. Habari za chama zikawa zinajulikana kwa walanguzi kabla ya mwenyekiti. Mama Shukrani alipomfukuza alikuja moja kwa moja Gongoni, akakaa kwenye benchi bila kuulizwa, akamwambia Moiz kwamba amesikia habari za baba yake na anataka hivyo hivyo. Asiguse kitu yeye asipokuwepo.

Sasa hapo ndipo kichekesho kilipoanzia. Kazi ya Moiz haikuwa ya bisibisi tena. Alikuwa na programu ya kusimamia mashine kutoka mbali. Anafungua ukurasa kwenye kompyuta yake hapa dukani, anaweka nywila, na kutoka hapo anaiamuru mashine ya Isikizya atakavyo: kuizima, kuiwasha, kuongeza watu, kuwatoa. Lakini sheria ni sheria. Kila ilipohitaji matengenezo, Mama Shukrani alifunga ofisi, akapanda gari la asubuhi kuja mjini, akakaa kwenye benchi kumtazama Moiz akiitengeneza mashine ambayo yeye mwenyewe ametoka kuiacha Isikizya. Tanzila alikuwa akimletea chai na kumuuliza kama mashine haijambo huko nyumbani. Mama Shukrani alikuwa akijibu kwamba haijambo, inamsalimia. Walicheka wote, na sheria ikabaki pale pale.

Alhamisi moja Moiz alishuka dukani asubuhi kutoka nyumbani kwao ghorofani akiwa na uso wa mtu aliyeota vibaya. Wale waliotengeneza programu ile walikuwa wametoa tangazo kwa mafundi wote duniani: ina tundu. Mtu anayejua anaweza kuingia kupitia ukurasa ule bila kuulizwa nywila, na akishaingia anakuwa bwana wa mashine nzima. Dawa yake wameshaitoa, kila fundi aiweke haraka, kwa kuwa wadukuzi wameanza kupita mashine kwa mashine wakisukuma milango.

Nilimuuliza kuiweka hiyo dawa ni kazi ya muda gani. Akasema hata kahawa haipoi.

Akampigia Mama Shukrani. Mama Shukrani alikuwa Urambo, msibani, kwa mama mkwe wake aliyekuwa hajazikwa bado. Kwenye simu tulisikia vilio na masufuria. Moiz akampa pole, akajaribu kueleza, na ninyi mnajua mtu wa msibani anavyosikia habari za kompyuta. Simu ikakatika. Moiz akakaa anaitazama kama inaweza kumrudishia ruhusa.

Tanzila alishuka kutoka juu, mikono ina unga. "Si unabonyeza tu hapo?" akamuuliza.

"Mwenyewe hayupo."

"Mwenyewe anazika. Bonyeza."

"Nikigusa leo bila yeye," Moiz akasema, "kesho atajuaje kwamba sikugusa na kingine?"

Tanzila akamtazama, akatazama benchi, akapanda zake ngazi. Dawa haikuwekwa. Ijumaa haikuwekwa. Mimi nikamwona Moiz anaenda msikitini na kurudi, anafungua tangazo analisoma tena, analifunga. Mtu mwingine angesema huo ni ujinga, na mimi nilisema, tena kwa sauti. Lakini nilimjua Kurban, na nilijua mtoto huyu hakufundishwa njia nyingine ya kuwa fundi.

Mama Shukrani alirudi ofisini Jumatatu. Mlangoni tu alisikia feni ya mashine ikinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Chumba kimekuwa tanuri. Umeme wa LUKU alioununua kabla ya msiba ulikuwa umebaki chembe. Akitaka kufungua habari za asali, mashine inafikiri, inafikiri, inalala. Na wanunuzi wa asali walikuwa wanatarajiwa wiki hiyo hiyo. Akampigia Moiz, na Moiz akamwambia achomoe waya wa mtandao ukutani, kisha azime.

Kesho yake mashine ikaletwa Gongoni nyuma ya pikapu, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Aliyeileta hakuwa Mama Shukrani peke yake. Alikuja na mwenyekiti wa chama, mzee Raymundi, mtu wa mizinga ya magome tangu ujana, mkavu, mwenye jicho la kupima mtu. Moiz akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba bila kumtazama, akakaa kwenye benchi. Mama Shukrani akakaa naye. Nilijua wamekuja kwa lipi: kama huyu mzee angeondoka hapa akisema Moiz ni mwizi, basi kabla jua halijazama maneno yangekuwa yamefika kila kijiji chenye mzinga, na hakuna mtu ambaye angeketi tena kwenye benchi lile.

Moiz akaiwasha mashine mbele yao bila mtandao. Ikaanza kunguruma. Akawaonyesha kazi iliyokuwa ikiendeshwa ndani, ambayo si ya asali. Mtu wa mbali ameingia na kuifanya mashine yao imfanyie hesabu za kutengeneza fedha za mtandaoni, usiku na mchana. Asali hakuigusa. Ni mwizi wa kuingia jikoni kwako, asibebe hata kijiko, akabandika maharage yake kwenye mkaa wako. Moiz akaisimamisha kazi ile, ngurumo ikashuka. Akakunja mikono kifuani. Baada ya kitambo feni ikapanda tena, kazi ile imejianzisha yenyewe.

"Mnaona," akasema. "Mimi sijagusa."

Mzee Raymundi hakusisimka. "Hata mimi nikitundika mzinga siukalii," akasema. "Nyuki wanaingia nikiwa nyumbani nimelala. Aliyeingia humu aliingia kama nani?"

Moiz akasema aliingia kama mkubwa wa mashine, mwenye amri zote.

"Na amri hizo kwa watu wetu anazo nani?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna."

Kwenye ngazi nilimwona Tanzila amesimama na birika, chai haimiminwi. Moiz angeweza kumweleza mzee habari za tundu na wadukuzi wa ng'ambo, na ingesikika kama hadithi ya kila fundi aliyewahi kurudisha ganda. Badala yake akavua miwani.

"Mzee, nilijua tangu Alhamisi," akasema. "Waliotengeneza walitangaza kwamba mlango una tundu. Dawa nilikuwa nayo hapa mezani. Ningeliziba nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Sikuziba."

"Kwa nini?"

"Mwenye chombo hakuwepo."

Mzee akageuka polepole kumtazama Mama Shukrani. Mama Shukrani alikuwa ameshika pindo la khanga yake nyeusi ya msiba. Angenyamaza, lawama zote zingebaki kwa Moiz, na hakuna ambaye angejua.

"Alinipigia," akasema. "Jeneza lilikuwa ndiyo linaingia uani. Akaniambia kuna tundu, anaomba azibe. Mimi nikamwambia, fundi, niko msibani, na wewe ole wako uguse kitu mimi sipo. Nikamkatia simu."

Hilo Moiz hakuwa amelisema. Kwetu sote alisema simu ilikatika.

Mzee Raymundi akakuna kiganja. Halafu akasema, "Kwa hiyo angekuwa fundi asiyesikia, leo tungekuwa salama," na uso wake ukavunjika kicheko, kicheko kikavu kama magome, na Mama Shukrani akacheka huku akifuta machozi, ya kicheko au ya mkwe wake sijui. Tanzila akashuka kumimina chai.

Walikaa mpaka alasiri. Moiz aliifuta mashine yote, akaijenga upya, akaweka dawa, kisha akarudisha habari za asali kutoka kwenye nakala ambayo Mama Shukrani huiweka nyumbani ndani ya kopo la biskuti. Walitazama kila hatua bila kuelewa, kama walivyotazama baba zao. Wakati wa kuondoka Mama Shukrani ndiye aliyeibadilisha sheria, maana kwa mashine ile yeye ndiye aliyeidai.

"Fundi, sikiliza. Siku nyingine ukisikia kuna tundu, ziba kwanza, nipigie baadaye. Hata kama nimo ndani ya jeneza lenyewe. Lakini kuingia kusoma mambo yetu, hapo unisubiri."

Moiz akasema ndiyo, mama. Alisema kama mtu aliyeambiwa ale kabla ya wageni.

Miezi ikapita. Wafugaji bado ni wake, na wa Itetemia wenye mashine za kukoboa wakaongezeka, kwa sababu mzee Raymundi anasimulia kisa kile kila anakokwenda, na kila akisimulia Moiz anazidi kuwa mtiifu. Kisha, wiki iliyopita, tangazo likatoka tena. Tundu jingine, dawa nyingine. Moiz akalisoma amesimama. Akakaa, akafungua ukurasa, akaweka nywila, kidole kikabaki hewani. Mama Shukrani alikuwa Isikizya na ruhusa alikwisha kuitoa. Kidole hakishuki.

Akaita juu. Tanzila akashuka, mikono ina unga vile vile, akauliza kuna nini. Moiz akamwonyesha benchi kwa kidevu.

"Kaa hapo kidogo."

"Mimi sina chombo."

"Kaa tu."

Nilingoja maneno yake, maana Tanzila haishiwi. Alipangusa mikono kwenye dera, akakaa katikati ya benchi, mgongo wima, akamtazama mumewe mpaka alipomaliza.