Basi la Begi na Leseni Yangu ya E

Wenzangu, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu Likoni bado kuna watu wanaolisimulia kwa kulitia chumvi, na aibu niliyoipata yanitosha bila ya kuongezewa. Ilikuwa miaka ya tisini, naishi mtaa wa Kuze, Mombasa, kwa shangazi yangu Rukia, na nilikuwa nimefaulu mtihani wa udereva majuzi tu. Msilione dogo hilo, maana katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kushika usukani, nami nilisimama mbele ya afisa wa polisi nikasukuma kigari cha kuchezea juu ya ile meza iliyochorwa barabara, nikamweleza nani apite kwanza kwenye mzunguko, kisha nikaendesha gari dogo la shule ya udereva mpaka mlimani (mlima wenyewe ni kiinuko tu, Mombasa mlima utautoa wapi), nikasimama na kuondoka bila ya kurudi nyuma. Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda dukani kununua sukari naibeba leseni, na mtu akiniuliza habari za nyumbani namjibu ni njema, nimepata leseni.

Sasa Faraj, mtoto wa shangazi, akawa anaoa Likoni. Siku ya kupeleka begi, yaani zile nguo na viatu na manukato ambayo bwana harusi humpelekea mchumba wake, wanawake wa kwetu tulikodi basi dogo, likatungojea karibu na Marikiti kwa kuwa vichochoro vya Kuze haviingii gari la namna ile. Tukatoka kwa miguu, tumejipamba, begi limefunikwa kitambaa cha zari, na kufika tukamkuta dereva, mtu mzima aitwaye Kitsao, ameketi kwenye ngazi ya basi anatetemeka kwa homa, amejifunika kikoi juani.

"Mama, niwie radhi," akamwambia shangazi. "Naona barabara mbili mbili. Nimemtuma mtu amwite mwenzangu, yuko Kisauni."

Shangazi si mtu wa kungoja. Kwa mchumba walikuwa wameshatandika mikeka, na begi likichelewa watu huanza kusema bwana harusi amegeuza nia, na familia ya bi harusi ilikuwa tayari inatutazama kwa jicho la pembeni. Akazunguka pale mara mbili tatu, akatazama upande wa Kisauni kana kwamba ataiona kutoka pale, kisha akanigeukia.

"Zuhura, wewe si una leseni?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mwalimu wa shule ya udereva alikuwa ametueleza herufi zote za madaraja ya leseni, lakini mimi nilikuwa natafuta E tu, nyingine zikanipita. Na wanawake wote wale, ambao nilikuwa nimewachosha kwa habari za leseni yangu, wananitazama mimi.

"Ninayo," nikasema.

Kitsao akainua kichwa. "Ya daraja gani, dada?"

"Ya kuendesha," nikamjibu.

Akaanza kukataa, lakini shangazi alikuwa ameshamchukulia funguo mkononi.

Basi lile lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, maana kila nikikata kona sehemu ya nyuma ilichelewa kunifuata, na nyuma yangu wanapiga tari na vigelegele, nami nataka kuwaambia wanyamaze nisikie injini lakini naona haya. Hata hivyo tukafika Feri, nikateremka taratibu, nikaingia chomboni bila ya kugusa kitu, shangazi akanipiga bega, na kwa muda wote wa kuvuka nilijiona mtu.

Upande wa Likoni maji yalikuwa yametoka sana, na maji yakitoka, njia ya kupanda kutoka feri inakuwa kali. Juu kabisa niliwaona wanawake wa kwa bi harusi wamekuja kutupokea, wamejipanga na marashi yao. Nikatia gia, nikapanda, na katikati injini ikazimika.

Nikakanyaga breki, lakini basi lililojaa watu halina utii wa kile kigari cha shule. Likaanza kurudi nyuma. Waliokuwa wakitembea nyuma yetu wakatawanyika, mama mmoja akamnyakua mwanawe kwa mkono mmoja, na sisi tukaenda kuegemea mkokoteni wa machungwa, yakamwagika yote, yakabingirika mpaka baharini. Ndipo niliposhika breki ya mkono, ambayo kumbe ilikuwepo muda wote. Namshukuru Mungu hakuumia mtu, lakini yule mama na mwanawe sijawasahau hata leo.

Tari zikanyamaza. Basi limeziba mdomo wa feri, magari yanapiga honi, na askari akaja dirishani. Nikampa leseni, akaisoma kwa utulivu.

"Mama, hii ni E. Ni ya gari dogo."

"Leseni si leseni?" shangazi akauliza kutoka nyuma.

"Siyo. Lori ni C, likiwa zito ni B. Basi ni A, na mwenye A ameshaendesha miaka, amerudi kufanyiwa mtihani, na bado atafute kibali cha kubeba abiria. Huyu amewabeba kwa leseni ya kupelekea watoto shule."

Kisha akageukia foleni akauliza kwa sauti nani hapa ana A. Dereva wa basi la pili akainua mkono, akaja, akalipandisha letu kwa mara moja. Wanawake wakateremka, wakaondoka kwa miguu na begi lao, shangazi mbele, na wa kwa bi harusi wakawapokea kimya kimya, mimi nikabaki na askari, huku mwenye mkokoteni akinisubiri naye.

Kesho yake kortini hakimu aliniuliza kama najua tofauti ya madaraja ya leseni. Usiku kucha sikulala, nilikuwa nimeyakariri, nikamtajia yote na masharti yake.

"Ungeyajua jana," akasema, akanitoza faini na kuizuia leseni yangu kwa muda.

Faraj akaoa salama, na mpaka leo bi harusi akiniona huniuliza kama nimekuja na basi. Leseni nilirudishiwa, naendesha gari dogo, sijaongeza herufi wala siitamani. Ila mtu akiniuliza kama nina leseni, simjibu kabla sijamuuliza ni gari gani analo, na liko wapi, na anataka kulipeleka wapi, na wengine huchoka na maswali wakaenda kutafuta dereva mwingine.