Moja Zilizojaa Ubao

Sogea unisikilize, na usiogope: hakuna hesabu hapa itakayokushinda.

Shuleni kwetu, upande wa Murusagamba, niliandika tarakimu ya moja ubaoni, nikaandika nyingine pembeni yake, nikaendelea hivyo mpaka moja zikaenea kutoka ukingo hadi ukingo. Zote pamoja zilikuwa namba moja ndefu. Nikauliza darasa: je, hii ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe?

Watoto wetu wamezoea kuisoma namba kwanza, maelfu, mamilioni, ndipo waiguse. Hii haikuwa na jina walilolijua, basi wakaona haiguswi.

Mwalimu mkuu alikuwa anapita. Akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hizo ni namba au miti ya kuegemezea migomba?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana kweli zilifanana.

"Ni namba, mkuu. Tunatafuta vigawo vyake."

Akatoa simu, akabonyeza moja, moja, moja, mpaka simu ikagoma kupokea zaidi. "Unaona? Hata mashine imekataa. Hawa ni watoto wa wakulima na wafugaji, wana mtihani mbele. Jumatatu utahamia darasa la kwanza. Hapa nitaweka mtu mwingine."

Darasa la kwanza silidharau. Lakini nilijua huyo mwingine angewarudisha kwenye kukariri, na wangeamini kwamba ndipo walipostahili.

"Kwa heshima zote, mkuu, sikubali. Waulize kwanza."

"Haya. Mmoja tu anionyeshe kuwa inagawanyika, bila simu. Wakishindwa, chaki uniachie."

Binti mmoja akanyoosha mkono. Wazazi wake ni wafugaji waliohamia huku kutoka Shinyanga. Kwao ng'ombe hawaachiwi kwenye birika la kunyweshea kundi zima, watakanyagana. Huingia fungu kwa fungu, wengine wakisubiri nyuma ya uzio. Hakujaribu kuisoma ile namba. Alichukua chaki akaanza kuikata kwa mistari, moja sita kila fungu.

"Kwa nini sita?" mkuu akauliza.

"Jana tuligawanya moja sita kwa saba, mwalimu. Tulipata elfu kumi na tano mia nane sabini na tatu, bila baki. Kwa hiyo fungu hili likipita, haliachi kitu. Linakuja la pili, nalo haliachi kitu."

Akakata mpaka mwisho. Fungu la mwisho lilikuwa kamili, kwa sababu nilikuwa nimeziandika hivyo makusudi.

"Si tasa. Saba inaigawa."

Mkuu akaingia, akachukua chaki, akabana moja nyingine mwishoni, karibu iguse fremu ya ubao. "Na sasa?"

Binti akaitazama ile moja iliyosimama peke yake. "Baki moja, mwalimu."

"Ahaa! Basi sasa ni tasa."

"Hapana, mwalimu. Saba tu ndiyo imekataa. Nyingine hatujazijaribu."

Madawati yalipigwa ngoma. Sikuwanyamazisha. Mkuu akanirudishia chaki, akafuta vumbi mikononi kwa suruali.

"Jumatatu nitakaa pale nyuma," akasema, "nione mnafundishana nini."

"Karibu, mkuu. Uje na kalamu."

Alikuja kweli, na darasa bado ni langu. Wapo wanaoendelea kuniambia kwamba haya ni makubwa mno kwa watoto wa huku. Nawajibu kwamba namba yenye tarakimu nyingi si ngumu kwa sababu hiyo, na mtoto wa mbali na mjini si mjinga kwa sababu hiyo. Kisha nageuka, naendelea na somo.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua karatasi, andika moja sita mfululizo, uzigawe kwa kumi na tatu kwa mkono wako, kisha ongeza moja nyingine sita mbele yake na useme baki kabla hujagawanya.