Binti, Kombaini na Mwalimu wa Kwaya

Mimi hadithi ya mapenzi isiyo na mtu wa tatu huwa inanilaza. Wawili wapendane ukurasa wa kwanza, waoane ukurasa wa mwisho, sasa mimi katikati hapo nafanya nini? Nipe binti mmoja na wanaume wawili, wote wazuri, wote wana haki yao, uone kama sijaunguza maharage. Ugonjwa huo niliupata mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikiamia ndege kwenye shamba la mpunga la shangazi yangu, nje kidogo ya Ifakara.

Kama hujawahi kuamia, hongera. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea wanashuka kama wamealikwa, na kazi yenu tangu alfajiri ni kukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, mnapiga madebe na kelele mpaka sauti zinakauka. Kwenye simu nilikuwa na hadithi ya binti aliyependwa na wawili, nikawa namsomea shangazi na akina mama wa madungu ya jirani kwa kupayuka, maana kupayuka ndiyo ilikuwa kazi. Tulipofika patamu, simu ikazima. Pa kuchajia hapakuwepo.

"Endelea!" jirani mmoja akapiga kelele.

"Simu imekufa!"

"Imekufa simu, wewe umekufa?"

Basi nikaendelea kwa kichwa changu. Wale wanaume wa kwenye simu walikuwa watu wa mjini. Nikawatupa, nikaleta wa kwetu. Mmoja dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia mpunga, ana miwani nyeusi, akipita wasichana wanasahau kufunga magunia. Mwingine mwalimu wa kwaya, mpole, ana baiskeli na sauti nzito. Mama yangu! Siku ya pili watu walishagawanyika: Timu Kombaini huku, Timu Kwaya kule. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa rozari kabisa, alikuwa Kombaini damu damu. Tatizo, binti akitaka kufungua mlango, madungu yote yananyamaza kusikiliza, na ndege wanashuka. Tulipoteza kona nzima ya jaruba la mpunga kwa ajili ya busu ambalo hata halikutokea. Ikabidi tuweke sheria kwamba kila nikimeza mate, wao wapige madebe.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa mwanaume, mvuvi mmoja wa Lupiro, mgane, aliyekodi shamba lililopakana na la shangazi. Kabla ya msimu alikuwa ametuma mshenga nyumbani kumposa shangazi, ambaye naye alikuwa mjane wa siku nyingi. Shangazi alimpa mshenga chai, akasema atajibu. Hakujibu. Mshenga akarudi, akapewa chai tena, safari hii na viazi. Mimi yule baba nilimpenda. Alikuwa akituletea kambale, na akimsalimia shangazi anaangalia miguu yake mwenyewe. Niliogopa kweli kwamba mavuno yakiisha atavuka mto arudi kwao, na shangazi yangu abaki na kuku wake.

Jioni moja nikamwambia shangazi hadithi naimaliza kesho, binti anamchukua mwalimu wa kwaya. Nilitaka ajiongeze. Akaacha kupepeta mchele.

"Usithubutu. Mwache kwanza aombwe."

"Ameshaombwa na wote wawili, shangazi! Mpaka lini?"

"Mpaka ashibe. Mimi posa yangu baba aliipokea nikiwa shambani. Narudi na jembe begani, naambiwa nimeshapata mume. Mtu mwenyewe hakuwahi kuniuliza mpaka anakufa. Na huyu naye ananitumia mshenga. Kwani nitaishi na mshenga?"

Siku zote nilidhani utamu wa hadithi hizi ni kujua nani atashinda. Wapi! Utamu uko pale katikati, mtu ameulizwa, jibu bado liko mdomoni mwake, na wote wanamsubiri yeye. Ndiyo maana mpaka leo akina mama wale wakinikuta sokoni na kuniuliza binti alimchukua nani, nawaambia bado anafikiria.

Kesho yake, kwenye hadithi, mwalimu wa kwaya akatuma mshenga. Dereva naye akatuma mshenga, na mjomba wake juu. Nikasimama dunguni, nikageukia shamba la mvuvi, nikapayuka: "Binti akasema, nimechoka kuongea na wajumbe! Anayenitaka aje aniulize mwenyewe!"

Madebe yakalia kila upande. Kwa mvuvi, kimya. Kwelea wakatua kwenye mpunga wake, naye amesimama tu anawaangalia.

"Mama!" akaita, sauti ikapasuka. "Wewe mama wa kitenge cha njano! Nataka kukuoa! Nakuuliza mimi mwenyewe! Unakubali?"

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge hicho cha njano, mabega yanatikisika. Akasimama.

"Sijasikia! Rudia!"

Akarudia.

"Upepo!" akasema shangazi, na hapakuwa na hata jani lililotikisika. "Rudia!"

Akarudia kwa nguvu zake zote. Sasa Timu Kombaini na Timu Kwaya wote wakapokea, "Rudiaaa!", na mwenyekiti wa jumuiya akalipiga debe lake mpaka likabonyea. Yule mtu mpole akapanda juu ya tuta la jaruba, akavua kofia, akauliza upya, polepole, neno kwa neno.

"Umemsikia wewe," nikamnong'oneza shangazi, namvuta gauni. "Mjibu, jamani!"

"Nimemsikia tangu mara ya kwanza," akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Niache kidogo, mwanangu. Sijawahi kuulizwa."

Akamwambia arudie mara ya mwisho. Alipomaliza, shangazi akajibu ndiyo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja, na kule kwenye tuta yule mtu akasikia.