Shufaa, Fundi Aliyeokoa Sauti Iliyozama Salale

Saa mbili asubuhi, Kibiti. Shufaa Mahamudu ameinamia redio kaseti, anasugua kichwa kinachosoma mkanda kwa pamba iliyolowa spiriti. Mteja anasubiri, anakunywa chai.

“Kichwa kikichafuka, mwimbaji anakuwa kama ana mafua,” anasema Shufaa, akicheka.

Tangu biashara ilegezewe masharti, redio kaseti zimeenea hadi vijiji vya delta. Shufaa alifundishwa kazi na shemeji yake, marehemu Dadi, baada ya kuachika akiwa na mtoto wa miaka minane.

“Alinipa bisibisi, akanipa na kiti. Namshukuru mpaka leo.”

Lakini wateja walimpita. Mwanamke na redio wapi na wapi? Alikuwa karibu kuacha alipofika Mwanaheri Yussuf kutoka Salale, kijiji cha delta, mwaka 1989, ameshika kaseti iliyojaa tope. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka. Kaseti ilikuwa na sauti ya marehemu mama yake akiimba kasida.

“Mafundi wawili wameniambia nitupe,” Mwanaheri alisema. “Wewe unasemaje, dada?”

Shufaa alilikumbuka somo la Dadi: juu ya mkanda kuna unga mwembamba wa sumaku, na sauti hukaa humo. Maji hayafuti sumaku, tope ndilo linaloziba.

“Niachie nijaribu. Lakini siahidi, dada yangu.”

Aliifungua kaseti, akautoa mkanda, akauosha kwa maji ya mvua, akauanika kivulini, mbali na spika, maana sumaku ya spika ingeifuta ile sauti. Kisha akauvingirisha kwenye kaseti nyingine.

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Halafu mama akakohoa, akaanza kuimba.

“Nilimwomba arudishe mwanzo nisikie tena,” anakumbuka Mwanaheri, ambaye bado humletea Shufaa kamba wa kukaanga kila ajapo. “Kwangu huyu si fundi tena, ni ndugu.”

Habari zikafika mpaka Maparoni, redio mbovu zikaanza kuja kwa mitumbwi. Kazi hiyo imeezeka nyumba kwa bati, ikamsomesha Nusaiba, bintiye, ambaye sasa yuko kidato cha sita.

Nusaiba amesoma kwenye jarida kwamba wanasayansi wanatafuta sumaku zisizo za chuma, zinazotokana na kaboni, nyembamba mno, za vifaa vya elektroniki vya baadaye. Anataka kwenda chuo kikuu kuzisomea.

“Mimi hizo sizielewi,” anasema Shufaa, akitabasamu. “Nimemwambia, nenda mwanangu. Likizo ukirudi, unikalishe chini unifundishe.”