Siku Mjomba Alipotoka Stoo

Hata leo nikisikia majani ya muhogo yakitwangwa, moyo hunienda mbio kabla sijakumbuka kwa nini. Mwaka 1991 tuliishi mtaa wa Remera, nyuma ya maduka, na nyumbani kwetu isombe, mboga ya majani hayo, ilitwangwa karibu kila siku. Mjomba Anastazi, kaka yake Mama, alikuwa akiandika katika gazeti dogo ambalo wakubwa hawakulipenda. Kila alipoanza kugonga taipureta chumbani kwake, Mama alishika mchi ili majirani wasisikie. Tuliila ile isombe mpaka mimi na dada yangu tukaanza kumwombea Mjomba apate kazi nyingine.

Aliandika kwamba bendera tulipewa zamani, lakini uhuru bado. Kwamba anayeogopa kusema hata sokoni hajawa huru. Niliwaona wanafunzi wakisomeana maneno hayo kwenye kituo cha basi, wakigeuka kila mara kuangalia nyuma. Baadaye wakaanza kuyasema kwa sauti, barabarani, wakiwa wengi.

Mama hakufurahi. "Wewe unaandika, watoto wa watu wanapigwa," alimwambia.

Askari walikuja mchana, tukimenya viazi. Walizungumza Kiswahili badala ya lugha yetu, na siku hizo askari akianza Kiswahili ulijua mambo yameharibika.

"Iko wapi mwandishi?"

"Hayupo," Mama alisema. "Amekwenda Butare."

Mjomba alikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Nilijua. Nilikazia macho kiazi changu mpaka kisu kikanikata. Askari mmoja akaushika mkono wa Mama, akaupinda.

"Sema, mama."

Ndipo mlango wa stoo ukafunguka, Mjomba akatoka, mweusi kwa vumbi la mkaa, mikono juu.

"Mwacheni dada yangu," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeomba maji.

Niliona haya. Mtu aliyewaambia wengine wasiogope, mbona anatetemeka hivi? Shuleni sikutaka hata kumtaja.

Alirudi kutoka gerezani baada ya miezi mingi, amekonda, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Taipureta walikuwa wameichukua. Jioni moja Mama alifuta meza, akachukua kalamu yangu ya shule, akaketi mbele yake.

"Haya, sema. Lakini polepole, mimi niliishia darasa la sita."

Mjomba akamwuliza, "Huogopi?"

"Naogopa sana. Sema."

Wote wawili tuliwapoteza mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari. Kwa muda mrefu nilidhani wanaopigania uhuru ni watu wasiotetemeka. Siku hizi nina watoto wangu, na nikiwaangalia ndipo ile siku inanirudia sawasawa. Magoti ya Mjomba yalitetemeka, niliyaona vizuri. Nilichoshindwa kuona ni kwamba alikuwa akitembea kuja upande wetu.