Siku niliyombeba Mama kwa kinga kwenda konseti, Kolwezi

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni member wa siku nyingi humu, ila kazi yangu ni kusoma na kuchekea comments zenu. Leo naandika mwenyewe. Haya sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu, ambaye najua atasoma (mama watoto, usininunie, nilikuwa natafuta pa kuanzia). Sitaongeza chumvi.

Kwa wasionijua, nipo Tunduma, napokea malori ya shaba. Lakini nimezaliwa Kolwezi, Kongo, kwenye hospitali ya mgodi. Baba yangu, tuliyemwita Tata, alikuwa karani wa mgodi. Ukoo wetu uliletwa zamani kutoka Kasai kufanya kazi kwenye shaba. Kwa hiyo tulikuwa "watu wa Kasai", ingawa Kasai yenyewe nilikuwa naiona kwenye ramani tu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yakaharibika. Mgodi ukafa pole pole, mishahara ikakatika, wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa. Tukaambiwa turudi kwetu. Nyumba tulimokulia zikaingiwa na watu wengine, tukahamia stesheni kusubiri treni.

Tulikaa pale wiki kadhaa, tumelala nje kwenye magodoro. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa Tata, Mama, dada zangu wawili wadogo na Kaku. Kaku ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama mzazi wa Mama, mzee sana, kifua kinambana, ila ulimi mkali kama pilipili.

Sasa, Mama alikuwa muimbaji wa chorale, kwaya ya parokia. Solo zote zilikuwa zake. Na kabla ya balaa hili, kwaya yao ilikuwa imepanga konseti kwenye cité (mtaa) moja ya wachimbaji nje ya mji, kama kilomita kumi na mbili hivi. Kwaya ilikuwa mchanganyiko, Wakasai na Wakatanga, wenyeji wa pale. Nusu yake sasa ilikuwa stesheni na sisi.

Siku ya Jumapili ikafika. Mama akaamka, akanawa uso, akavaa kitenge cha kwaya.

"Leta ile kinga, mwanangu. Tunaenda kuimba."

Kinga ni baiskeli, kwetu tunaita hivyo. Nilikuwa nayo moja ya Kichina, breki ya mbele tu.

Tata akashika kichwa. "Mama wee, na train ikikuja?"

"Chef wa gare alisema itakuja magaribi," Mama akajibu, yaani mkuu wa stesheni. "Mi kule Kasai nitaimba na ba nani? Nani anajua sauti yangu kule?"

Kaku akainua kichwa kwenye godoro. "Muache aende. Tangu tufike hapa sijamusikia akiimba hata kidogo, nafikiri ni mugonjwa."

Basi Tata akaniangalia mimi. "Unamubeba, unamurudisha. Ni kwako, unasikia?"

Nikasema nimesikia.

Zamani kwenda huko ungepanda basi la mgodi. Siku hizo mabasi yote yalikuwa yamelala kwenye uwanja wao, nyasi zinaota kwenye madirisha. Barabara kubwa ilikuwa na vizuizi vya vijana waliokuwa wanauliza watu jina na kabila. Tukapita njia ya nyuma, upande wa mashimo ya mgodi yanayoitwa Mashamba.

Wakuu, sijui niielezeje ile safari.

Ule mgodi nilikua nikiusikia unanguruma mchana na usiku, mpaka masikio yalishazoea. Siku hiyo ulikuwa kimya kabisa. Chini kabisa ya shimo kulikuwa na maji ya kijani, yametulia, na mawingu yanatembea ndani yake. Udongo mwekundu, mawe ya kijani, jua jeupe. Hakukuwa na mtu. Niliendesha kama mtu aliyelala huku macho yako wazi.

Mama alikaa nyuma, miguu upande mmoja, mkono kiunoni kwangu. Akaanza kuimba kidogo kidogo, anaipasha sauti. Nilikuwa naisikia kwenye mgongo wangu kabla haijafika masikioni. Kwenye mwinuko tulishuka tukasukuma pamoja, akanicheka jasho langu. Sikutaka tufike.

Tukafika. Wenzake walipomuona wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Mama mmoja wa Kikatanga akatuletea bukari (ugali huo) na samaki wakavu, akasimama juu yetu mpaka tukamaliza. "Kuleni, mutaimba na njaa?" Kwa wiki nyingi watu walikuwa wanatuangalia kama takataka. Pale nilikaa kwenye benchi katikati ya watu kama mtu mwingine yeyote. Wakuu, nilisikia raha mpaka nikaogopa.

Konseti ikaanza.

Hapa niwaeleze kitu kimoja, bila hicho hamtanielewa. Kambi za mgodi tuliishi kwa sirène. Ni king'ora cha kubadilisha zamu. Kililia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, na kilisikika mpaka vijijini. Watu hawakununua saa, za nini? Bukari ilipikwa kwa sirène, watoto waliitwa nyumbani kwa sirène. Hata mgodi ulipokuwa unakufa, bado iliendelea kulia. (Wale wa "si ungenunua saa mkononi" nawasubiri kwenye comments.)

Tuko katikati, Mama bado hajaimba solo yake, sirène ikalia.

Watu wote wakatulia. Saa nane, treni ni magharibi, muda upo. Hata kiongozi wa kwaya akasema kwa sauti, "Tuko bien, tuendelee."

Lakini Mama akatoka kwenye mstari, akaja mpaka kwenye benchi langu. Akainama.

"Mwanangu, hii haiwezi kuwa saa nane. Angalia jua."

Nikaangalia mlangoni. Kivuli cha nguzo kilikuwa kifupi, kimejikunja miguuni pake. Ilikuwa saa sita na nusu, ikizidi sana saa saba. Mtoto wa kambi hadanganyiki na kivuli. Niliona, wakuu. Niliona vizuri kabisa.

"Ni saa nane, Mama," nikasema. "Nenda uimbe."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu sikutaka kurudi stesheni. Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Nilitaka ile siku iendelee kidogo.

Akanitazama. Akarudi kwenye mstari, akaimba.

Siwezi kuwaambia aliimbaje. Nimesikia waimbaji wengi baada ya hapo, wenye vyombo na maspika makubwa. Yeye hakuwa na kitu, mikono ameiacha ikining'inia tu. Watu waliacha hata kupepea vitambaa. Mama alikuwa na miaka arobaini na tano na alionekana msichana.

Walimrudisha mbele mara mbili aimbe tena.

Tulirudi jua limeshalala upande. Njiani Mama hakuimba. Alikuwa ananihimiza, "Kanyaga, kanyaga."

Stesheni sehemu yetu ilikuwa tupu. Lilibaki sufuria moja na kamba. Jirani wa godoro la pili, ambaye alikosa nafasi, akatuambia: treni ilifika ghafla mchana, ikasimama kama saa moja na nusu, watu wakapanda mpaka juu ya mabehewa. Tata angebaki kutusubiri angeikosa nafasi, na Kaku asingemaliza wiki nyingine pale chini. Akapanda na Kaku na dada zangu.

Mama akaigeuza ile sufuria, akaikalia.

Tulisubiri karibu mwezi mzima kupata treni nyingine. Tulimkuta Tata kwenye mji wa Mwene-Ditu, huko Kasai, kwenye uwanja wa parokia, amekonda mpaka shati linamvaa yeye. Dada zangu wakamrukia Mama. Mama akawa anaangalia nyuma yao, anamtafuta mtu mwingine.

Kaku alifariki kwenye treni, mbele kidogo ya stesheni ya Lubudi. Treni ilisimama dakika chache, wanaume wakachimba kando ya reli kwa vipande vya bati. Mpaka mwisho alikuwa anauliza binti yake yuko wapi. Mama hakumzika mama yake, na mpaka leo hatujui ni wapi hasa.

Tata akalia. Halafu akasema hivi, maneno yenyewe:

"Nilikimbia kwa Ilunga, ule rafiki yangu wa sirène. Nikamuomba apigishe mara moja tu, hata kama si saa yake. Nikasema, bibi yangu, mama ya hawa batoto, ni mutu wa kambi, akisikia sirène saa ya uongo atajua ni mimi namuita. Ilunga akapigisha. Wakubwa wangemufukuza, lakini akapigisha. Hamukusikia?"

Saa moja na nusu, wakuu. Kwa kinga, tungewahi.

Nilifungua mdomo.

Mama akanitangulia. "Upepo ulikuwa unaenda upande ingine," akasema. "Hatukusikia kitu."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuligusa tena hilo jambo, si kwa Tata, si kwangu. Kila nilipotaka kuliongea alinituma kitu, maji, mkaa, chochote. Sasa wote wawili hawapo.

Funzo? Mtaniuliza funzo. Sina la kujivunia. Ukiona kitu, sema umekiona, hata kama kinakuharibia siku nzuri kuliko zote. Hilo nalijua. Lakini nimeahidi ukweli, basi pokeeni wote: nikiambiwa leo niurudishe ule wimbo ili Mama apate kumzika Kaku, sijui kama ningekubali upesi. Na hiyo ndiyo aibu yangu.

Waliopita stesheni zile miaka ile, mpo humu? Na ninyi mliofichiwa kosa na mama zenu, mliwahi kumshukuru? Mlianzaje? Nasoma zote, hata za matusi.